JICHO SI MIZANI: TUACHE KUITOLEA USHAHIDI MIILI YA WATU KWA KUITAZAMA TU

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu haifai mtu akemee wenzake hali yeye amejificha nyuma ya mlango.

Miaka michache iliyopita nilitoka Gitega, ninakosomesha, nikaenda Muyinga kwa ndugu zetu siku za Idd. Katika nyumba tuliyofikia palikuwa na mtoto wa kiume aliyekaribia miaka miwili. Mama yake alikuwa mjamzito tena, na mtoto alikuwa ameachishwa ziwa miezi kadhaa nyuma. Mashavu yake yalikuwa ya mviringo, miguu imejaa, ngozi inang'aa. Bibi yake alimpakata mbele ya wageni kwa furaha. Nami, mwalimu wa madrasa, mtu ambaye watu husubiri neno lake, nilimwombea baraka kisha nikasema kwa sauti: "Maashaallah, huyu kashiba! Huyu hana shida." Watu wote wakaitikia.

Hatukujiuliza kwa nini mtoto wa umri ule, siku ya Idd, nyumba imejaa watoto wenzake, alikuwa hachezi. Hatukujiuliza kwa nini nywele zake zimekuwa chache na nyekundunyekundu. Alasiri aliingia jirani, mama mmoja anayejitolea kama mhudumu wa afya wa mtaa ule. Alimtazama mtoto, akachuchumaa, akamshika miguu yote miwili, akaibonyeza kwa juu kwa vidole gumba, akahesabu moja mpaka tatu taratibu, akaachia. Pale alipobonyeza pakabaki mashimo mawili, kama mtu aliyebonyeza unga wa chapati.

Akanigeukia akaniambia: "Mwalimu, uniwie radhi. Huyu hajanenepa. Huyu amevimba. Hii ni bwaki."

Bwaki! Ugonjwa wa utapiamlo, ambao madaktari huuita kwashiorkor. Mtoto yule alikuwa anakufa kwa kukosa lishe, na mimi nimemshuhudia mbele ya watu kuwa kashiba. Alilazwa hospitali, na alhamdulillah alipona. Lakini sikilizeni jambo hili. Siku za mwanzo alipoanza kunywa maziwa ya dawa, kilo zake zilishuka. Bibi akalia akidhani mtoto anazidi kuharibika. Kumbe kilo zile zilikuwa maji, na yalipotoka ndipo tulipouona mwili wenyewe, mifupa na ngozi.

Tangu siku ile nimekuwa adui wa ushahidi wa macho katika mambo ya mwili. Hilo ndilo ninalotaka tugombane nalo leo, wazi kabisa, ndani ya nyumba zetu.

SISI WATU WA MIZANI, TUMEKUWA WATU WA KUKISIA

Nani asiyejua jinsi dini yetu ilivyosisitiza mizani? Ipo sura nzima, Suratul Mutaffifiin, inayoanza kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo. Nenda sokoni Gitega. Mwanamke anayenunua kilo mbili za maharagwe haangalii rundo akasema "hizi zinatosha". Anataka apimiwe, na macho yake hayabanduki kwenye mizani. Akipunjwa gramu mia atagomba mpaka watu wajae.

Lakini mwanamke huyohuyo, na mume wake, na mimi mwalimu wao, tukirudi nyumbani tunampima mtoto kwa jicho. Tunampima mke kwa jicho. Tunajipima wenyewe kwa maneno ya watu barabarani: "Umenenepa, hali nzuri!" "Umekonda, una nini?" Ndugu yangu, maharagwe yana thamani kuliko roho ya mwanao?

Tena Mtume (S.A.W.) ametufundisha wazi kuwa umbo linaloonekana si uzito wa mtu. Imam Ahmad amepokea kisa cha Abdullah bin Mas'ud (R.A.), ambaye miguu yake ilikuwa myembamba sana. Siku moja Maswahaba waliicheka, na Mtume akawaambia kuwa miguu ile ni mizito katika mizani kuliko mlima Uhud. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Siku ya Kiyama ataletwa mtu mkubwa, mnene, naye mbele ya Allah hatafikia uzito wa ubawa wa mbu. Hadithi hizi zinahusu thamani ya mtu kwa Mola wake, si mambo ya hospitali. Lakini adabu tunayoipata humo ni moja: jicho lako si mizani, basi usiharakishe kuhukumu.

JICHO LETU LILIHARIBIWA ZAMANI

Hii tabia haikuanza jana. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, ng'ambo ya Tanzania, si mbali sana na Muyinga, katika ufalme wa Rumanika. Aliandika kwamba wake wa nyumba ya kifalme walinenepeshwa kwa maziwa mpaka wengine hawakuweza kusimama wenyewe. Unene ulikuwa nembo ya ng'ombe wengi. Nchi za maziwa makuu zilikuwa na njaa za mara kwa mara, na mwenye nyama mwilini alionekana amesalimika. Mpaka leo tunamsifu mwenye kitambi kana kwamba tumbo ni hati ya shamba.

Kisha ukaja UKIMWI. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda waliandika juu ya ugonjwa uliowakondesha watu kusini mwa nchi yao, na wananchi wenyewe walikuwa wameupa jina la "Slim". Kuanzia hapo kila aliyekonda katika eneo letu alinyooshewa kidole. Wangapi walinyimwa uchumba kwa sababu ya shingo nyembamba? Na wangapi walioa au kuolewa kwa kudanganywa na mashavu? Leo mtu anayeishi na virusi akitumia dawa zake vizuri anaweza kuwa na mwili kama wako. Wembamba haumtangazi, na unene haumsafishi mtu. Kipimo cha damu ndicho kinachojua.

Na matokeo yake ni nini? Mume anamwambia mkewe, "Ongeza mwili, watu watasema nakunyima chakula." Anayemhangaisha si afya ya mkewe, ni heshima yake yeye. Mwari anakaribia harusi, anatafutiwa vidonge vya kunenepesha. Wadada zangu, mcheni Allah katika miili yenu! Miongoni mwa dawa zinazotumiwa vibaya kwa kazi hiyo, hasa kwa majirani zetu wa Kongo, ni dexamethasone na cyproheptadine. Ya kwanza ni dawa kali ya kutibu magonjwa mengine. Inavimbisha uso, inapandisha sukari na presha, na ukiizoea kisha ukaiacha ghafla inaweza kukuangusha. Bi Aisha (R.A.) mwenyewe alisimulia, katika Sunan Abi Daud, kwamba mama yake alitaka anenepe kabla ya kwenda kwa Mtume. Kilichomfaa kilikuwa matango na tende mbivu. Chakula, ndugu zangu! Si vidonge vya kununua kwa siri kwenye mfuko wa plastiki.

WATOTO: JICHO LINAONA WATANO, LINAKOSA HAMSINI NA SITA

Hapa ndipo penye msiba wa Burundi, nami nawaomba mnisikilize vizuri.

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2016-2017 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, watoto 56 wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Ni zaidi ya nusu! Na eneo la Muyinga, ambalo tangu mageuzi ya mikoa ya 2025 limo ndani ya mkoa wa Buhumuza, lilikuwa miongoni mwa yaliyoathirika zaidi. Lakini watoto waliokonda kiasi cha kuonekana wazi walikuwa kama 5 tu katika 100.

Mmeelewa maana yake? Jicho la baba linatafuta mbavu. Lisipoona mbavu linasema alhamdulillah. Mtoto aliyedumaa mara nyingi haonyeshi mbavu. Kilo zake zinalingana na urefu wake, anaonekana sawa tu, mdogo mdogo, mzuri. Kasoro yake inaonekana pale tu unapouliza: ana miaka mingapi? Mvulana wa miaka miwili hutarajiwa kuwa na urefu wa karibu sentimita 87. Akiwa chini ya 81, amedumaa. Nani kati yetu anaweza kuiona tofauti ya sentimita sita kwa kutazama, na hali watoto wote wa mtaa wako vilevile?

Mimi mwenyewe darasani nilikuwa nawapanga wanafunzi wapya kwa kimo. Nilimweka mtoto pamoja na wa miaka saba, nikamwona mzito wa kushika herufi, nikamgombeza. Baadaye kadi yake ilionyesha ana miaka kumi. Kudumaa hakuchukui urefu peke yake. Hutokea zaidi tangu mimba mpaka miaka miwili, siku 1000 ambazo ubongo unajengwa. Nilimgombeza mtoto kwa deni ambalo hakulikopa yeye.

Basi mpimeni mtoto kwa vipimo vyake:

1. Kadi yake ya kliniki. Kilo moja ya leo haisemi mengi. Mstari unaopanda mwezi hadi mwezi ndio unaosema. Mstari ukilala au kushuka, usingoje mbavu.

2. Urefu kwa umri. Ombeni apimwe urefu, si kilo peke yake.

3. Utepe wa rangi tatu unaozungushwa mkono wa juu wa kushoto, kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, ni hatari, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kuanzia 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni manjano. Kuanzia 12.5 ni kijani.

4. Miguu. Bonyeza juu ya nyayo zote mbili, hesabu sekunde tatu. Mashimo yakibaki miguu yote miwili, usisikilize utepe wala mizani. Mpeleke.

Na asiwepo wa kusema "sina pesa". Tangu mwaka 2006 serikali iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa wanaojifungua katika vituo vya umma.

WATU WAZIMA: MASHAHIDI WAWILI

Katika dini yetu tunajua kuwa jambo zito halithibiti kwa shahidi mmoja. Na mwili wa mtu mzima ni hivyohivyo.

Shahidi wa kwanza ni hesabu ya uzito na urefu. Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Dada mwenye kilo 45 na urefu wa mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Gawa 45 kwa 2.56, unapata 17.6. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kuanzia 18.5 mpaka chini ya 25 ni kawaida, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kumbe dada huyu, anayesifiwa kwa wepesi wake, amepungukiwa, na akibeba mimba hivyo hivyo mtoto ataanza safari na deni.

Shahidi wa pili ni kamba. Hii haihitaji hata faranga moja. Jipime urefu kwa kamba kutoka utosini mpaka kisiginoni. Ikate hapo, ikunje mara mbili. Sasa pumua nje bila kuvuta tumbo, uizungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, mafuta yaliyo ndani ya tumbo yamezidi, nayo ndiyo yanayokaa karibu na moyo wa maradhi ya sukari na presha. Kanuni hii ya kiuno kuwa chini ya nusu ya urefu imeingizwa mwaka 2022 hata katika miongozo ya tiba ya Uingereza, kwa watu wazima.

Nilijifanyia mimi. Urefu mita 1.70, kilo 81: hesabu ikatoa 28. Nusu ya urefu wangu ni sentimita 85, kiuno kikasoma 97. Kamba ilibaki na pengo. Na miaka yote hiyo watu walikuwa wakinipigapiga tumbo baada ya Ijumaa wakisema, "Mwalimu, heri imeingia!" Kwenye kituo cha afya heri hiyo ilisomeka kwa jina jingine, presha.

Sitawaficha udhaifu wa shahidi wa kwanza. Hesabu hiyo ilianzishwa miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, mwanahesabu wa Ubelgiji, naye hakuwa daktari. Alikuwa akitafuta wastani wa watu wa Ulaya. Haiwezi kutofautisha misuli na mafuta. Kijana anayepakia magunia ya kahawa anaweza kusoma 26 na tumbo lake liko sawa kama ubao. Haimfai mjamzito, haimfai mtoto au kijana ambaye bado anakua, ambao wana jedwali za umri wao. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikubali kuwa kwa watu wengi wa Asia hatari huanza hata kabla ya 25. Kwa hiyo si wahyi. Ni shahidi, msikilize, na umtafutie mwenzake.

Na muangalie pia mabadiliko. Mtu mzima wa kilo 60 aliyepoteza kilo tatu au zaidi ndani ya miezi sita mpaka kumi na miwili bila kukusudia, asitafutiwe aliyemroga. Aende akapimwe kifua kikuu, sukari, damu na mengineyo. Hili ndilo jambo ambalo jicho lingeweza kusaidia, lakini sisi tukiona mwenzetu kakonda tunamsema pembeni badala ya kumsindikiza hospitali.

WATASEMA...

Watasema: "Mwalimu, haya ya kupimana ni mambo ya wazungu. Mwili ni rizki ya Allah." Nami nasema, na maharagwe pia ni rizki ya Allah, mbona mnayapima? Kupima si kupinga qadari. Mwili ni amana, na mwenye amana huihesabu. Ukikataa hesabu ya Mbelgiji, chukua kamba. Kamba haina taifa.

Watasema: "Ufupi wetu ni maumbile, sisi ndivyo tulivyo." Wako watu wafupi kwa maumbile, ndiyo, mmoja mmoja. Lakini zaidi ya nusu ya nchi? Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa walionyonyeshwa vizuri na wanaoishi katika nyumba zenye afya. Ikadhihirika kuwa wadogo hao, Mwarabu, Mwafrika, Mhindi na Mzungu, hurefuka karibu sawa. Ndiyo chanzo cha kadi za kipimo zilizotolewa 2006. Kwa hiyo usimsingizie Muumba kwa kosa la sahani.

Watasema: "Unawaambia maskini wale nini?" Hili ndilo swali zito, na simcheki anayeliuliza. Bei zinapanda, mashamba ni madogo, mvua haziaminiki. Lakini nitasema lililo juu yetu. Katika nyumba ngapi ndagala au kipande cha nyama hukaa kwenye sahani ya baba, na mtoto wa mwaka mmoja akapewa ugali na mchuzi mtupu? Baba aliyekwisha kukua ndiye anayekula kinachokuza! Katika walima zetu, tunakopa ili pilau imwagike, na wiki inayofuata mama mjamzito wa nyumba hiyohiyo anashinda na chai ya sukari. Allah katika Suratul A'raaf ametukataza israfu ya kula na kunywa. Katika Suratul Baqara ametaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na sisi tunamwachisha mtoto ziwa mara tu tunaposikia mimba nyingine. Mtoto wa Muyinga niliyewasimulia alianzia hapo. Mama mjamzito mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha, naye ale zaidi. Asipoweza, mtoto apewe cha kumfidia: uji uliotiwa karanga au soya, ndagala iliyosagwa, yai likipatikana, maharagwe yaliyopondwa na lengalenga na mafuta ya mawese. Na mikono ioshwe, kwani kuhara kunatoa alichokula.

TUFANYE NINI

Kwanza, wazazi: acheni salamu za unene na wembamba. Suratul Hujuraat imetukataza dhihaka na majina mabaya. "Kibonge", "Sindano", "Mifupa", majina haya yanatoka kwenye vinywa vilivyotia udhu! Imam Abu Daud amepokea kuwa Bi Aisha alishindana mbio na Mtume akamshinda. Baadaye alipoongezeka mwili walishindana tena, Mtume akamshinda, akamwambia ni malipo ya ile ya kwanza. Tazama nyumba ilivyokuwa na furaha! Mwili wa mke umebadilika, na kilichopatikana ni mchezo wa mbio, si matusi. Nani kati yetu amewahi hata kutembea na mkewe jioni?

Pili, wanafunzi: mwili wako usiupime kwa picha za simu. Usijinyime chakula ufanane na mtu usiyemjua, wala usimeze kitu cha kukuza makalio. Na Ramadhani isiwe mwezi wa kushinda njaa mchana na kulipiza usiku kwa sambusa na Fanta.

Tatu, sisi walimu wa madrasa. Pendekezo langu ni hili, na nimeshalianza kwangu. Kila darasa liwe na alama za urefu ukutani na mita ya fundi cherehani. Mara mbili kwa mwaka tuwaite wahudumu wa afya wa mtaa. Wasichana wapimwe na mwalimu wa kike. Namba isitangazwe mbele ya wenzake, apewe mzazi wake kwa siri, kwa sababu sitara ni haki ya mtoto. Na imamu atenge khutba moja kwa mwaka kwa akina baba tu, juu ya sahani.

Hii kazi haitaki mradi wala gari lenye bendera. Inataka kamba, mita, na ulimi unaojizuia.

Mtoto yule wa Muyinga yu hai na anasoma. Nikifika kwao bado anakuja kunisalimia, mwembamba, mbio mbio, hatulii. Wageni husema, "Huyu mbona kakonda?" Bibi yake siku hizi hajibu. Anakwenda kuleta kadi.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe waaminifu katika amana ya miili yetu na watoto wetu, awaponye wagonjwa wetu, na azijaze sahani za maskini wetu. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.